Dakika Tisa za Kisanduku

Kisanduku kilisema mlango ulikaa wazi zaidi ya saa nzima. Sakafu ilisema hapana.

Inspekta alichuchumaa mbele ya chumba cha baridi, akapitisha kiganja chake kwenye zege la korido. Kavu. Hakuna alama ya maji, hakuna mchirizi, hakuna hata lile doa jeupe ambalo maji huacha yakikauka.

"Jana nani alipiga deki hapa?" aliuliza.

"Hakuna," alijibu koplo. "Tulifunga korido mara tu gari la wagonjwa lilipoondoka. Mimi mwenyewe nililala kwenye kile kiti pale. Shingo mpaka sasa haigeuki."

"Friji ya nyumbani kwako ukiisahau wazi saa nzima, nini kinatokea?"

"Mke wangu ananifukuza."

"Kabla ya hapo."

Koplo alifikiri. "Maji. Jikoni kote maji."

"Na hili ni friji ambalo lori linaweza kuingia." Inspekta alisimama akajifuta mkono kwenye koti. Kazini walimwita Sindano, kwa sababu akishaingia mahali hatoki bila kuumiza mtu. Hakulipenda hilo jina, ila hakuwahi kulikataza.

Kando ya mlango, ukutani, kulikuwa na chenyewe: kisanduku cha chuma, kidogo kama redio ya jikoni, kina sehemu ya kugusisha kadi, kioo cheusi chembamba, na kitaa kimoja cha kijani. Hicho ndicho kilichompeleka mtu mahabusu.

Faili lilikuwa fupi. Jana mchana fundi wa majokofu aliingia kwenye chumba kile kukagua mabomba. Mtunza stoo wa bohari, mwanamke ambaye wote wanamwita Mama Baridi, alifunga mlango kwa kadi yake saa tisa na nusu, kama inavyotakiwa, maana baridi ikitoka chanjo zinaharibika. Fundi akitaka kutoka, ndani kuna kitufe. Mama Baridi alisema baada ya hapo alikwenda kliniki kumchukua mwanawe kama kila siku, akarudi saa kumi na moja kasorobo, akafungua, akamkuta fundi sakafuni, midomo ya buluu. Akapiga kelele. Gari la wagonjwa likaitwa.

Kisanduku kilisema vingine. Kilisema kadi yake ilifungua mlango dakika tisa tu baada ya kuufunga, na mlango haukufungwa tena. Kwa hiyo, kwa mujibu wa faili, Mama Baridi hakwenda popote. Alifungua, akamwona mtu anakufa, au alimwangusha yeye mwenyewe, kisha akakaa zaidi ya saa nzima ndipo akajifanya kushtuka. Nesi wa kliniki alimkumbuka mama na mtoto, ila saa hakuikumbuka. Fundi alikuwa hospitali, hajafungua macho; simu yake ilikuwa mikononi mwa polisi.

Saa nane mchana Mama Baridi angepandishwa mahakamani kwa kujaribu kuua. Akishapelekwa rumande kwa kosa hilo, kurudi nyumbani ni majaliwa.

"Na kengele?" inspekta aliuliza.

"Haikulia. Kisanduku kinapiga kengele mtu akifungiwa ndani zaidi ya dakika kumi. Haikulia, basi dakika kumi hazikufika. Vitu viwili vinasema kitu kimoja, afande."

"Ni kitu kimoja kinasema mara mbili, koplo. Kengele na saa ziko ndani ya kisanduku hicho hicho. Aliyekitengeneza amefika?"

"Yuko nje, anatembea tu huku na huku. Afande, unajua ni ndugu yake?"

"Ndugu ya nani?"

"Ya Mama Baridi. Mdogo wake wa tumbo moja."

*

Walimwita Betri. Kijana mwembamba, shati limechomekwa upande mmoja, kompyuta ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Jina alipewa na wenzake, kwa sababu kila kitu anachotengeneza lazima kidumu na betri kuliko cha mwingine, na lazima akwambie kimedumu kiasi gani.

"Shikamoo, inspekta."

"Marahaba. Dada yako anasema alifungua saa kumi na moja kasorobo."

"Najua anavyosema."

"Kisanduku chako kinamwita mwongo."

Betri alitazama sakafu. "Dada yangu amenilea. Hii kazi ya kuweka kisanduku ni yeye aliyeniombea kwa meneja. Lakini umeniuliza kuhusu kisanduku. Hakikosei, inspekta. Nimekijaribu mezani kwangu miezi. Kinapowashwa kinachukua saa sahihi kutoka kwenye mtandao mara moja, baada ya hapo kinahesabu chenyewe. Jana asubuhi nimekiwasha mwenyewe hapa."

"Kwa hiyo umeamua ni dada."

"Sijaamua! Nasema tu kisanduku hakina cha kupata kwa kudanganya."

Hatua nzito zilisikika kwenye korido. Meneja wa bohari, mtu mkubwa mwenye sauti ya upole, alikuja akitandaza mikono.

"Inspekta, nakuomba kwa heshima zote. Malori mawili yako getini tangu alfajiri. Hizi ni chanjo za watoto, si mbao. Niruhusu nikizime hicho kidude na kukiwasha upya, tuendelee na kazi. Kwanza saa yake ina wazimu, imerudi nyuma."

"Imerudi nyuma?" Betri aligeuka kama aliyepigwa kofi. "Haiwezi kurudi nyuma, mzee. Kwa mwaka mzima haipotezi hata nusu dakika."

"Mimi nasema nilichoona, kijana. Jana jioni nilibonyeza kioo, nikaona haiendani na simu yangu."

"Imerudi nyuma kiasi gani?" aliuliza inspekta.

"Ah, nani alihesabu siku ile? Mtu anakufa pale." Meneja alinyoosha mkono kuelekea kisanduku. "Ukikizima na kukiwasha tu, inajirekebisha. Tazama..."

"Usikiguse."

Hakupandisha sauti. Meneja alirudisha mkono.

"Jana kelele zilipoanza ulikuwa wapi, mzee?"

"Getini na dereva. Nilikimbia mpaka pumzi ikakata. Nilikuta watu wameshajaa."

"Umeme haukukatika jana?"

"Hata kidogo. Nimeshasema kwenye maelezo. Kompyuta za ofisi ziliwaka siku nzima, muulize yeyote."

"Asante. Tusubiri ofisini kwako, tafadhali. Hatutakawia."

Meneja aliondoka akitikisa kichwa, akinung'unika kuhusu malori. Inspekta alimsubiri apinde kona. Kisha akamgeukia Betri.

"Sasa nieleze saa. Nieleze kama unamweleza bibi yako."

"Bibi yangu angeelewa haraka kuliko polisi," Betri alisema, kisha akashika mdomo. "Samahani."

Koplo alicheka. Inspekta hakucheka, lakini hakukasirika pia.

"Endelea."

Betri alikaa chini kwenye zege, akafungua kompyuta, akaifunga tena. "Sikia. Ndani ya chipu hakuna saa moja. Ziko kadhaa, na anayeandika programu ndiye anachagua aulize ipi. Kuna ile ya kawaida, kama ya ukutani. Inakwambia sasa ni saa ngapi, lakini mtu au mtandao unaweza kuisukuma mbele au nyuma. Ukihesabia muda kwa hiyo, mtu akiichezea umekwisha. Hiyo niliikataa."

"Vizuri. Nyingine?"

"Nyingine hazisemi saa ngapi. Zinahesabu tu tangu kisanduku kiwake, na hazirudi nyuma. Hata hizo zinatofautiana. Kuna ambayo kila ukitaka kujua lazima programu isimame, iende dirishani kwa mkubwa wa mfumo, ipange foleni, iulize, irudi. Na kuna ambayo ni kama saa iliyotundikwa mlangoni. Unapita, unatupia jicho, unaendelea. Kisanduku hiki kinauliza muda mara nyingi mno, inspekta. Baridi kiasi gani, mlango uko wapi, kadi ipo, kengele bado. Ukikipanga foleni kila mara, betri inakwisha kabla ya chai. Nikachukua ya mlangoni. Nyepesi, haichezewi, haili kitu."

"Na ubaya wake?"

"Haina ubaya."

"Kila kitu cha bei rahisi kina ubaya. Mbona haili kitu?"

"Kwa sababu chipu ikilala, nayo..."

Aliifungua tena kompyuta, hakuitazama.

Koplo alimtazama inspekta. Inspekta hakumwondolea macho kijana.

"Nayo nini?"

"Nayo inasimama," Betri alisema polepole. "Chipu ikilala haihesabu. Ikiamka inaendelea pale ilipoachia, kama vile hakuna kilichopita. Ipo nyingine inayohesabu hata usingizini, lakini lazima uache kipande cha chipu kikiwa macho, na kipande hicho kinakula betri. Kwa hiyo niliiacha."

"Na kisanduku hulala lini?"

"Kikikosa umeme wa ukutani tu. Kinakaa macho dakika moja kwenye betri, kisha kinalala mpaka mtu aguse kadi. Lakini umeme haukukatika! Wote mlisema. Na mezani kwangu kilikuwa kimechomekwa siku zote, sikuwahi..." Alikitazama kisanduku. "Sikuwahi kukiona kimelala nikakitazama saa."

"Kitufe cha ndani je?"

"Kinatumia umeme wa ukutani. Na taa ya ndani pia. Viko kwenye swichi moja na kisanduku."

Inspekta alichukua faili mikononi mwa koplo, akapekua mpaka maelezo ya Mama Baridi. Kulikuwa na mstari mmoja ambao mpelelezi wa kwanza aliuwekea alama ya kuuliza pembeni. Aliusoma kwa sauti.

"'Nilipofungua ndani kulikuwa na giza. Nikampakata. Nikapiga kelele. Taa ikawaka yenyewe.'"

"Tulidhani amechanganyikiwa," alisema koplo.

"Ndiyo. Mtu akisema jambo ambalo hatulielewi, amechanganyikiwa." Alifunga faili. "Betri. Kama umeme ulizimwa na kisanduku kikalala, saa yake leo itakuwaje?"

"Itakuwa nyuma. Nyuma kwa muda ule ule iliolala." Kijana aliisukuma kompyuta kando. "Meneja alisema iko nyuma. Mungu wangu."

"Tusikimbie. Labda iko nyuma kwa dakika tano kwa sababu ulikitengeneza vibaya. Tuhesabu kwanza, ndipo tutazame. Dada yako alifunga saa tisa na nusu. Anasema alifungua saa kumi na moja kasorobo. Ni muda gani?"

"Saa moja na robo," alisema koplo.

"Kisanduku kilihesabu dakika tisa tu. Toa."

"Inabaki saa moja na dakika sita."

Inspekta alitoa kalamu, akaiandika kwenye kiganja chake mwenyewe, akawaonyesha wote wawili. "Dada yako hakuwahi kuiona hii saa. Hawezi kutunga uongo unaolingana nayo. Ikiwa iko nyuma kwa hiki nilichoandika, anasema kweli. Ikiwa tofauti, saa nane anakwenda mahakamani. Bonyeza kioo."

Betri alisimama. Alinyoosha kidole, kikafika karibu na kioo, kikabaki hapo.

"Bonyeza, kijana."

"Na kama ni tofauti?"

"Basi kisanduku chako hakikosei. Si ndicho ulichotaka?"

Kabla kidole hakijasogea, kitaa cha kijani kiligeuka njano.

Wote watatu walikitazama. Kwenye kidirisha cha mlango wa chumba cha baridi, mwanga mweupe uliokuwa ukiwaka tangu asubuhi ulizimika. Ndani kukawa giza tupu.

"Umeme!" Betri alipiga kelele. "Mtu amezima swichi! Kinalala! Dakika moja tu, na kikishalala hesabu yote inaharibika!"

"Swichi iko wapi?"

"Kabati la umeme. Ofisini kwa meneja!"

"Koplo!"

Koplo alikuwa ameshaondoka, viatu vyake vikipiga korido kama ngoma, na ile shingo isiyogeuka imesahaulika. Inspekta alishika kifundo cha mkono wa Betri, akakisukuma kidole chake mpaka kikagusa kioo.

Kioo kiliwaka. Tarakimu za buluu. Inspekta aliinua mkono wake wa kushoto, akaiweka saa yake ya mkononi kando ya kioo, akatoa simu, akapiga picha vyote viwili pamoja. Akapiga tena. Na tena.

"Soma," alisema. "Kwa sauti."

"Saa yako, saa nne na nusu kamili." Betri alisogeza uso karibu na kioo. "Kisanduku, saa tatu na dakika ishirini na nne."

"Tofauti?"

Alihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza, huyu aliyefundisha chipu kuhesabu. Akaanza upya. Akafika.

"Saa moja na dakika sita."

Inspekta alifungua kiganja chake mbele ya macho yake.

Kitaa cha njano kilizimika. Kioo kikafuata. Kisanduku kilikuwa kimelala.

*

Meneja alikutwa mlango wa kabati la umeme uko wazi, mkono wake bado juu ya swichi. Koplo alikuwa amesimama kati yake na mlango wa ofisi, akihema. Kompyuta mbili mezani zilikuwa zinawaka bila wasiwasi wowote. Hazikuwa kwenye swichi ile.

"Nilikuwa nawasaidia tu," meneja alisema. "Mnachelewa. Nikasema nikizime na kukiwasha, saa ijirekebishe."

"Ukizima swichi hii hakizimiki, mzee," alisema Betri kutoka nyuma ya inspekta. "Kinalala."

Meneja alimtazama kama anayeambiwa jambo kwa lugha ya ng'ambo.

"Hata jana ulidhani umekizima," alisema inspekta. "Ulitaka kengele isilie na kitufe cha ndani kisifanye kazi. Kabati hili lina funguo ngapi?"

"Moja."

"Inakaa wapi?"

Mkono wa meneja ulikwenda kiunoni; ilikuwa kwenye mnyororo wa suruali yake mwenyewe.

"Dakika nane baada ya mlango kufungwa, umeme ulizimwa hapa. Kisanduku kikakaa macho dakika moja, kikalala. Nane na moja, tisa. Mtunza stoo aliporudi akagusa kadi, kikaamka, kikaandika tisa kwa sababu ndizo pekee kilizozijua. Ulisikia kelele zake, ukarudisha umeme haraka, taa ikawaka akiwa amempakata mgonjwa. Halafu ukatoka ukikimbia, na kuhema ukahema. Uliniambia ulikuwa getini."

"Nilikuwa getini!"

"Basi nani alikuwa na suruali yako?"

Koplo alikohoa kuficha kicheko. Meneja aliketi, si kwenye kiti, bali kwenye ukingo wa meza, na kikombe cha kalamu kikaanguka.

"Fundi alikwambia nini jana kabla hajaingia?" aliuliza inspekta.

Meneja aliinama kuokota kalamu.

"Nimesoma simu yake. Ujumbe wa mwisho alimtumia mkewe. Kwamba chanjo ziliyeyuka mwishoni mwa wiki zikagandishwa tena, na kwamba hatanyamaza. Malori yako getini ni ya kuzipeleka wapi, mzee? Kwa watoto?"

"Sikutaka afe," meneja alisema, na ile sauti ya upole ikawa imekwisha. "Nilitaka malori yaondoke kwanza. Nusu saa tu. Ningemfungulia. Malori ndiyo yalichelewa."

"Koplo, mfunge pingu. Malori yasitoke. Na swichi hiyo hakuna wa kuigusa mpaka mpiga picha afike."

Akatazama saa yake, akapiga simu kituoni.

*

Mama Baridi alitoka kwa mlango wa nyuma wa kituo, kanga ameikaza kiunoni, viatu ameshika mkononi kwa sababu kamba walimnyang'anya usiku. Alikuwa mwanamke mfupi wa mabega mapana. Alitia saini bila kusoma, akamtazama inspekta.

"Fundi?"

"Amefungua macho saa sita. Ameomba maji na ameuliza malori yako wapi."

Mama Baridi alishusha pumzi ndefu. Ndipo akamwona mdogo wake kwenye benchi, kompyuta magotini, hajui asimame au aendelee kukaa.

"Koplo aliniambia," alisema. "Ulipoulizwa nani anasema kweli, mimi au hicho kidude, ulijibu nini?"

"Dada..."

"Nakuuliza."

"Nilisema kidude hakikosei."

"Na hukuniuliza mimi."

"Sikukuuliza."

Kwenye dawati la mapokezi askari mmoja alijifanya anatafuta muhuri.

"Usiku kucha nimewaambia watu saa ile ile," Mama Baridi alisema. "Mpelelezi wa kwanza, wa pili, yule wa kuandika. Wote wanatazama karatasi. Hakuna aliyeniuliza nimejuaje."

Betri alisimama. Kompyuta aliiacha kwenye benchi.

"Ulijuaje, dada?"

"Mtoto alilala mgongoni tukiwa njiani. Kila siku analala tukipita shule, kengele ya kutoka ikigonga saa kumi na nusu, na kutoka pale mpaka stoo ni kupanda kilima tu, robo saa. Sikuhitaji saa." Akavaa kiatu kimoja, akashikilia bega la mdogo wake kwa kusawazika, akavaa cha pili. Mkono hakuuondoa. "Sasa niulize vizuri. Nilifungua mlango saa ngapi?"

Kijana alifuta pua kwa mkono wa shati.

"Ulifungua saa ngapi, dada?"

"Saa kumi na moja kasorobo," alisema Mama Baridi, akamtazama yule askari wa muhuri. "Andika."

Askari akaandika.